Kinanda Kinawaka, Sauti Haitoki: Maswali Yenu Kuhusu Muziki kwenye Linux

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya yetu hapa Morogoro. Nimenunua kinanda kidogo cha USB chenye vitufe 49, kisichokuwa na sauti zake chenyewe, nikakichomeka kwenye kompyuta mpakato yenye Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux. Taa yake inawaka. Nimesakinisha FluidSynth, programu ya kutoa sauti za vyombo, na qpwgraph, ya kuunganishia vyombo na programu kwa mistari, kisha nikachora mistari kutoka kila kisanduku nilichokiona hadi kingine, lakini nikibonyeza hakuna kinachosikika. Video za mtandaoni zinasikika vizuri, kwa hiyo spika ni nzima. Nimekosea wapi?
Mpiga kinanda wa kwaya, Morogoro

JIBU: Marahaba. Barua yako ina ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Taa inayowaka inatuambia kwamba umeme unafika kwenye kinanda, na video inayosikika inatuambia kwamba kadi ya sauti na spika zinafanya kazi. Ni ncha mbili za safari. Kati ya ncha hizo kuna mahali pengi ambapo noti yako inaweza kupotelea, na hapo ndipo tutakapotafuta.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba waya wa MIDI, yaani lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki na kompyuta huelewana kwayo, haupitishi sauti hata kidogo. Unapobonyeza C ya kati, kinanda hupeleka ujumbe wa baiti tatu tu: ya kwanza inasema kwamba noti imeanza na iko katika chaneli ipi kati ya 16, ya pili inataja kitufe, kuanzia 0 hadi 127, ambapo C ya kati ni 60, ya tatu inaeleza umekibonyeza kwa kasi gani, nayo pia haivuki 127. Ukikiachia kitufe, ujumbe mwingine hufuata. Hii ndiyo lugha ileile iliyotumika Januari 1983, pale Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits ilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland katika maonyesho ya vyombo vya muziki kule California, na kwa kuwa haijabadilika sana, kinanda cha miaka ile chenye tundu la pini tano bado kinaelewana na kompyuta ya leo ukikipatia waya wa kugeuzia.

Kwa hiyo una njia mbili, na kila moja inajitegemea. Ya kwanza ni njia ya amri, itokayo kwenye kinanda hadi FluidSynth. Ya pili ni njia ya sauti, itokayo FluidSynth hadi kadi ya sauti na spika. Programu ya qpwgraph huzionyesha zote mbili kwenye ukurasa mmoja, jambo ambalo ni msaada kwa aliyezoea na mtego kwa mgeni, kwa sababu visanduku vyote vinafanana na mgeni huona ni mistari tu. Angalia rangi za milango iliyo pembeni mwa kila kisanduku: mlango hukubali mstari kutoka mlango wa aina yake pekee. Na kama kweli umeunganisha kila kitu na kila kitu, anza kwa kuifuta mistari yote uliyoichora, maana huenda umeunganisha maikrofoni na spika, na siku utakapoongeza sauti utasikia mlio utakaowatoa wanakwaya nje.

Sasa tupime, na tuanzie mwisho wa safari kurudi mwanzo. Chomoa kinanda. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike amri hii kwa mstari mmoja:

pw-jack fluidsynth -a jack -j -m alsa_seq -g 1 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

Kama kompyuta inasema haiijui pw-jack, sakinisha kifurushi cha pipewire-jack. Kama inalalamika kwamba faili la sf2, lile lenye sauti za vyombo, halipo, sakinisha fluid-soundfont-gm, kwa sababu FluidSynth bila faili hilo ni mpigaji asiye na chombo. Herufi j inaiagiza programu ijiunganishe yenyewe na spika. Namba 1 iliyo baada ya herufi g ni kiwango cha sauti; nimeiweka kwa makusudi, kwani FluidSynth isipoambiwa kitu huanza na 0.2, na nimekutana na watu waliodhani mtambo umekufa kumbe unanong'ona.

Utaona alama ya kusubiri amri. Andika:

noteon 0 60 100

Umejifanya wewe ndiye kinanda: chaneli 0, kitufe 60, nguvu 100. Ukisikia piano inalia C ya kati, njia ya sauti ni nzima na huna sababu ya kuigusa tena. Usiposikia kitu, acha kabisa kukihangaikia kinanda, kwa sababu tatizo haliko huko. Angalia kwenye qpwgraph kama FluidSynth ina mistari miwili, wa kushoto na wa kulia, inayokwenda kwenye kadi unayosikilizia. Kompyuta nyingi zina zaidi ya njia moja ya kutolea sauti, mojawapo ikiwa ile ya kebo ya runinga, na sauti hupenda kwenda huko ambako hakuna anayesikiliza.

Tuseme piano imelia. Chomeka kinanda, fungua terminali ya pili, uandike aconnect -l. Itakuja orodha ya wahusika wote wa MIDI, kila mmoja na namba yake. Kinanda chako kitakuwa na namba kama 24 au 28, na FluidSynth itakuwa na namba kuanzia 128, kwa sababu programu za watumiaji huanza kuhesabiwa hapo. Kama kinanda ni 24, andika aseqdump -p 24:0 kisha ubonyeze kitufe kimoja. Kila ukibonyeza, mstari mpya unapaswa kutokea, ukitaja kwamba noti imeanza, namba ya kitufe na nguvu uliyotumia. Ukibonyeza polepole utaona labda 35, ukipiga kwa ghadhabu utaona 120. Mistari isipotokea, tatizo ni waya au kinanda chenyewe. Jaribu kebo nyingine, maana kebo nyingi za USB zinazouzwa kwa bei ya chini ni za kuchajia simu tu na hazina nyaya za kupitishia data, lakini taa huwaka vilevile.

Mistari ikitokea, kilichobaki ni kuunganisha wawili hawa:

aconnect 24:0 128:0

Katika orodha hiyo utaona pia jina Midi Through, lenye namba 14. Liache. Ni mlango usio na chombo nyuma yake, uliowekwa ili programu ziweze kupitishiana ujumbe, na unapotokea juu kabisa ya orodha hudanganya sana. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu saa nzima ya mazoezi, waimbaji wamekaa wananitazama, nikiwa nimekiunganisha kinanda na Midi Through na nikiamini kwamba hicho ndicho chombo.

Linabaki jambo moja ambalo nadhani ndilo lililokukwamisha kwenye qpwgraph. Linux ina koo mbili za MIDI. Ukoo wa kwanza ni wa ALSA, mradi wa sauti wa Linux ulioanzishwa na Jaroslav Kysela na ulioingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, mwaka 2002. Ukoo wa pili ni wa JACK, seva ya sauti iliyotokana na kazi ya Paul Davis, yuleyule mtunzi wa programu ya kurekodia ya Ardour. Mlango wa ukoo mmoja haupokei mstari kutoka ukoo mwingine. Zamani tulilazimika kuendesha programu ya a2jmidid iwe mkalimani kati yao. Siku hizi kazi ya sauti imeshikwa na PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, ambayo Ubuntu imeitumia kama mfumo wake wa kawaida tangu toleo la 22.10, nayo huleta mkalimani wake inayemwita Midi-Bridge. Ndiyo maana kinanda chako kimoja unakiona mara mbili kwenye ukurasa: kama kisanduku cha ALSA na kama mlango ndani ya Midi-Bridge. Kwa kuwa katika amri ya juu tumeiambia FluidSynth itumie alsa_seq, unganisha kutoka kisanduku cha ALSA. Ardour, kwa upande wake, ikiendeshwa kwa njia ya JACK itataka mstari kutoka Midi-Bridge.

Usiunganishe chombo kimoja kwa njia zote mbili. Noti itafika mara mbili, na utasikia piano nene yenye kutetema, kana kwamba wapigaji wawili wanafukuzana. Dalili hiyohiyo humpata mwenye kinanda kikubwa chenye sauti zake anapokiunganisha na kompyuta: kinanda kinalia, na kompyuta nayo inalia. Huyo aingie kwenye mipangilio ya kinanda azime udhibiti wa ndani, ule ambao katika MIDI unaongozwa na ujumbe wa namba 122, ili vitufe vipeleke amri tu na sauti za ndani zisubiri kuagizwa.

Ukishafanikiwa, ongeza -o midi.autoconnect=1 kwenye amri ya FluidSynth, mahali popote kabla ya jina la faili la sf2. Kuanzia hapo itajiunganisha yenyewe na kinanda ilichokikuta, na hutahitaji aconnect kila Jumapili asubuhi.


SWALI: Nilimtumia rafiki yangu wimbo nilioutengeneza kwa MIDI. Faili lilikuwa dogo ajabu, kilobaiti 38. Kwake filimbi imekuwa tarumbeta na sauti yangu ya kuimba haimo kabisa. Je, faili limeharibika njiani?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Faili ni zima. Ulichomtumia ni maagizo ya kupiga wimbo, na kompyuta yake imeyafuata kwa vyombo ilivyo navyo. Sauti ya koo haiwezi kuandikwa kwa noti na vitufe, ndiyo maana haimo. Geuza kwanza MIDI iwe sauti:

fluidsynth -ni -F wimbo.wav -r 48000 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2 wimbo.mid

Kisha lete wimbo.wav ndani ya Ardour au Audacity, uuweke sambamba na sauti yako ya kuimba, utoe faili moja. Usishtuke kwa ukubwa: sauti ya pande mbili ya biti 16 kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kila sekunde hula takriban megabaiti 11.5 kwa dakika.


SWALI: Kwangu kila kitu kinafanya kazi, ila sauti hutoka baada ya kidole. Nikicheza taratibu naweza kuvumilia, lakini seben siwezi kabisa, mkono unapotea. Kompyuta ina RAM ya gigabaiti 8. Natumia spika ya Bluetooth. Niongeze RAM?
Mpiga kinanda, Kigoma

JIBU: Usinunue RAM. Umetaja mkosaji katika sentensi ya mwisho, ukaipita. Spika ya Bluetooth hukusanya sauti, huibana, huirusha hewani na kuifungua upya, na kuchelewa kwake mara nyingi huzidi milisekunde 100. Hakuna amri ya Linux itakayoponya hilo. Tumia waya, hata wa hedifoni za bei rahisi, kisha usome yafuatayo.

Kompyuta haipeleki sampuli moja moja kwenye kadi. Huzifunga mafungu mafungu. PipeWire isipoelekezwa hutumia fungu la sampuli 1,024, na kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde fungu hilo lina urefu wa milisekunde 21 na kidogo. Ukishusha hadi 128 unapata milisekunde 2.7:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Kadi na waya wa USB huongeza zao juu ya hizo, kwa hiyo namba utakayoisikia ni kubwa kuliko hesabu hii. Kwa kipimo cha kawaida, sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, yaani kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Hakuna mwanabendi anayelalamikia mita tatu na nusu. Milisekunde 100 ni mita 34, sawa na kupiga kinanda jukwaani huku spika iko ng'ambo ya barabara.

Mafungu madogo yana gharama. Kompyuta hupewa muda mfupi zaidi wa kuandaa kila fungu, na ikichelewa hata mara moja utasikia mkwaruzo. Fungua pw-top wakati unapiga, utazame safu yenye kichwa ERR. Namba zikipanda, rudi 256, ambayo ni milisekunde 5.3 na inatosha kabisa kwa seben. Funga kivinjari, zima Wi-Fi, chomeka chaja, kwa kuwa kompyuta inayotumia betri hupunguza mwendo wa prosesa bila kukuomba ruhusa. Ukitaka kurudi kwenye hali ya kawaida, andika amri ileile ukiweka 0 badala ya 128. Kuna watakaokushauri ubadilishe kerneli uweke ile ya muda halisi. Ni chombo kizuri, na tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024 uwezo huo umo ndani ya kerneli rasmi, lakini kwa mtu mwenye kinanda kimoja na sauti mbili tatu naona ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja.


SWALI: Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha taarab kina udi, fidla mbili na kanuni, na sasa tumeongeza kinanda cha MIDI kinachoongozwa na Linux. Katika Rast, mojawapo ya maqam (mipangilio ya sauti za muziki wa Kiarabu), kinanda kinagombana na wenzake. E yake iko juu mno, na E ya bemoli iko chini mno. Mzee wetu wa kanuni amesema ama kinanda kiache, ama yeye aache. Kuna dawa?
Mpigaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Mzee ana haki, na dawa ipo. Katika Rast inayoanzia C, sauti ya tatu na ya saba hukaa katikati: E iliyoshushwa robo ya toni na B iliyoshushwa vivyo hivyo. Kinanda cha kawaida hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja ikiwa na senti 100, ambazo ni kipimo cha umbali kati ya sauti na sauti, na sauti hizo mbili huangukia kwenye ufa kati ya kitufe na kitufe. MIDI yenyewe husema tu "kitufe cha 64"; ni juu ya chombo kinachopokea kuamua kitufe hicho kilie wapi. Hapo ndipo tunapoingilia.

Wengi huanza na gurudumu la kupindisha sauti. Lina hatua 16,384, katikati ikiwa 8,192, na kwa kawaida hufika toni nzima kila upande, kwa hiyo kushusha senti 50 ni kulipeleka 6,144. Shida ni kwamba hupindisha chaneli yote. Ukiwa na noti moja sawa. Ukishika C pamoja na E, na C nayo inashuka, na hapo mzee ataondoka kweli.

FluidSynth ina njia iliyo bora. Inaruhusu kila kitufe kipewe mahali pake kwa senti, ambapo kitufe cha 60 ni 6000, cha 61 ni 6100, na kuendelea. E iliyo juu ya C ya kati ni kitufe cha 64, kwa hiyo badala ya 6400 tunaipa 6350. B ni cha 71, tunaipa 7050. Andika kwenye terminali ya FluidSynth:

tuning rast 0 0
tune 0 0 64 6350
tune 0 0 71 7050
settuning 0 0 0

Mstari wa kwanza unaunda mpangilio na kuupa jina. Miwili inayofuata inashusha vitufe. Wa mwisho unauweka kwenye chaneli ya kwanza, ambayo FluidSynth huiita 0 ingawa kinanda chako huiita 1. Utakumbana na tofauti hiyo ya moja kila mahali, basi izoee. Rudia kwa oktava nyingine: E za 40, 52 na 76 ziwe 3950, 5150 na 7550, B za 47, 59 na 83 ziwe 4650, 5850 na 8250. Mkitoka Rast kwenda maqam isiyo na robo, resettuning 0 inarudisha chaneli ilivyokuwa. Ziandike amri zote katika faili moja na uiite FluidSynth kwa -f ikifuatiwa na jina la faili, ili usizichape upya watu wakiwa wameshakaa vitini.

Neno la mwisho ni la sikio, kwa sababu wapigaji hawalengi senti 50 kamili. Kuna mikono inayoiweka E hiyo juu kidogo. Mkalishe mzee wa kanuni kando yako, apige E yake peke yake, nawe uandike tune 0 0 64 6355, bonyeza kitufe, kisha 6360, ubonyeze tena, hadi atakapotikisa kichwa kukubali. Iandike namba hiyo kwenye faili, na oktava nyingine uzihesabu kutoka hapo kwa kuongeza au kupunguza 1200.